Kadi ya CHF na Muuzaji Asiyependa Kuongea

Tangazo la kazi ya mauzo halikosi maneno mawili: mchangamfu, mwenye kujiamini. Kijana mkimya akilisoma hulipita, au huomba kazi kisha akashinda mwezi mzima akicheka kicheko kisicho chake. Kwa maoni yangu kasoro haiko kwa kijana. Iko katika jinsi kazi ya kutafuta wateja inavyopangwa, na mkoa wa Dodoma una mfano wa kazi hiyo kupangwa vingine: uandikishaji wa Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, baada ya kuboreshwa.

CHF ilianza kwa majaribio Igunga, Tabora, mwaka 1996, ikatungiwa sheria 2001. Kwa miaka mingi mwananchi alijiunga akiwa kituo cha afya, mara nyingi siku ambayo tayari anaumwa. Hapakuwa na mtafuta wateja. Alikuwapo mhudumu mwenye foleni mbele yake na daftari la uanachama pembeni, na mfuko unaojazwa na wagonjwa haufiki mbali. Mwaka 2011 mradi wa afya wa HPSS, kwa ufadhili wa Uswisi, ulianza kazi Dodoma na kuuvunja mpangilio huo. Uandikishaji uliondolewa kituoni ukapelekwa kijijini, kwa afisa mwandikishaji mwenye simu na kamisheni. Mwaka 2012 ukaja mfumo wa IMIS, unaopokea picha na taarifa za wanachama kutoka kwenye simu hiyo. Kufikia 2018 muundo huo ulikuwa umechukuliwa kuwa wa nchi nzima, na Dodoma kaya ya watu wasiozidi sita ikawa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka.

Sidai kwamba waandikishaji wale walikuwa wakimya. Ninachosema ni kwamba muundo wenyewe uliupunguzia mdomo mzigo. Mtafuta wateja wa kawaida hubeba kila kitu kichwani: nani wa kumwendea, amwendee lini, aanze na neno gani. Hapa eneo lilijulikana, kwa kuwa ni kijiji chake. Mwanachama ambaye muda wake ulikaribia kwisha, mfumo ulimwonyesha mwandikishaji ili akamhuishe. Mfumo huohuo uliweza kumtuma akamuulize mwanachama alihudumiwaje kituoni. Muuzaji anayebisha hodi ili asikilize malalamiko ana sababu ya kuwa mlangoni, na hilo ndilo humsumbua mkimya kuliko yote: kufika kwa mtu bila sababu.

Hata salamu humsaidia. Ugogoni huingii nyumba ya watu na bei mdomoni. Unatoa mbukwenyi yako, unaulizwa habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, nawe unauliza hizohizo. Wauzaji wa mjini wenye haraka huona huko ni kupoteza muda. Kwa asiyejua aanzie wapi na mgeni, dakika hizo ni mazungumzo yaliyokwisha kuandikwa na wazee. Kazi yake ni kuyafuata.

Baada ya hapo, maswali. Neil Rackham, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu mauzo, alieleza uchunguzi wa mazungumzo ya mauzo zaidi ya 35,000, na moja ya hoja zake kuu ni kwamba katika mauzo mazito anayefanikiwa huuliza vizuri na kumwacha mteja ndiye aongee zaidi. Swali la "mama, unazijua faida za bima?" ni mtihani, na hakuna anayependa kutahiniwa uani kwake. Jaribu hili: "Mara ya mwisho mtoto alipougua, mama, mlilipa kiasi gani, na hela ilitoka wapi?" Kisha nyamaza. Atasema mwenyewe kwamba walikopa, au waliuza mbuzi kwa bei ya kutupa kwa sababu mnunuzi alijua wana shida. Hapo ndipo mchango ule wa shilingi 30,000 ulipopata kitu cha kulinganishwa nacho. Kwa kaya ya watu sita ulikuwa 5,000 kwa kichwa kwa mwaka, na haikuwa lazima kuihesabu kwa sauti.

Nikae kidogo kwenye jambo ambalo naona ndilo moyo wa kazi hii, nalo ni kalenda. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mwezi Februari, Chamwino au Bahi, ghala limepungua na kila aliyeko anapalilia. Julai mtama, uwele na alizeti vimevunwa, na gunia linageuzwa pesa. Kwa hiyo "sina hela" ya Februari na "sina hela" ya Julai ni majibu mawili tofauti. La kwanza ni tarehe ya kurudi. La pili ndilo kukataa. Mwenye mdomo mwepesi huchukua Februari kama changamoto: anasukuma, anabembeleza, anarudi kesho yake, na Julai anapopita watu wanajifanya hawapo. Mwenye daftari anaandika jina, kitongoji, idadi ya watu nyumbani, wanacholima, nani huamua matumizi, na maneno aliyoambiwa, kama vile "njoo tukishauza alizeti". Anaaga. Akirudi anaanza na maneno ya mteja mwenyewe, na mteja huona aibu kidogo kumfukuza mtu aliyeshika ahadi.

Mtafiti wa Marekani Adam Grant alichapisha mwaka 2013 utafiti juu ya wauzaji 340 wa kampuni ya kuuza kwa simu. Waliochangamka kupita kiasi hawakuwaacha wakimya mbali kimapato. Walioongoza ni wale wa katikati. Ni kampuni moja, na ni ya kule, kwa hiyo nisingeujengea nyumba. Ila unatosha kumzuia meneja asimnyime mtu kazi kwa sababu tu hapigi kelele.

Mkimya naye ana udhaifu wake, na ni mmoja tu ninaouogopa: kuomba hela. Ameuliza vizuri, amesikiliza vizuri, jua linazama, na bado anazungusha maneno. CHF ilikuwa na dawa yake bila kukusudia. Uanachama ulihitaji picha za wanakaya. "Leo mko wote tupige picha?" ni rahisi kutamka kuliko "mtalipa?", na jibu ni lilelile, mradi mchango umetajwa waziwazi kabla ya simu kutoka mfukoni. Anayeficha bei mpaka picha ipigwe ni tapeli, hata awe mpole namna gani.

Yote haya yangekuwa bure kama rafu ya dawa ingebaki tupu. Mwanachama aliyeambiwa dawa hakuna, akanunue duka la nje, hahuishi kadi, na majirani wanamsikia. Mradi uleule wa HPSS ulisaidia kuanzisha Dodoma, mwaka 2014, utaratibu wa Jazia: vituo kununua kwa mshitiri mmoja aliyeteuliwa dawa zinazokosekana Bohari ya Dawa. Utaratibu huo nao ulienezwa nchi nzima. Kijana anayehojiwa kazi ya mauzo ana haki ya kuuliza upande huo umekaaje kabla ya kupokea tageti, maana lawama ya rafu tupu humwangukia yeye aliyeko fildi.

Kwa anayeuza kwa taasisi pale Dodoma mjini, mavuno yake yana tarehe nyingine. Bunge hukaa na bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na zabuni za serikali tangu 2023 zimehamia kwenye mfumo wa NeST. Orodha za namba za simu zinazouzwa mitaani aziache: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hata namba ya simu ya mtu. Asubuhi moja ya kusoma zabuni kwa utulivu itampa ofisi tano zenye uhitaji wa kweli, na Mtumba, kwenye mji wa serikali, haendi kubahatisha tena. Anakwenda na swali moja kwa afisa ununuzi mmoja.