"Azimio" la Kamera: Istilahi Zinazompotosha Mtumiaji

Miongoni mwa istilahi zinazoingia majumbani mwetu pasipo kubisha hodi ni zile za kamera za ulinzi. Nyingi zimefasiriwa kwa mashine, wala hazikupimwa na mtu kabla ya kumfikia mnunuzi. Makala haya yanakusudia kuzichunguza mbili, "azimio" na "kiwango cha fremu", na kuonyesha kwamba kasoro yake si ya lugha tu: humpotosha mtumiaji katika uamuzi anaotakiwa kuufanya.

Azimio, kwa Mswahili, ni shauri lililokatwa na watu, kama lilivyokuwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kamera haikati shauri lolote. Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina maana zaidi ya moja, na hapa maana ya mkutanoni imepelekwa kwenye lenzi. Kinachokusudiwa ni wingi wa pikseli, yaani vitone vinavyoijenga picha. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina vitone 2,073,600. Ile ya 3840 kwa 2160 ina mara nne ya hivyo.

"Kiwango cha fremu" nacho hakina nafuu. Katika miji ya Tanzania fremu ni chumba cha duka cha kupangisha. Kwingineko ni mbao zinazozunguka mlango au picha ya ukutani. Tena "kiwango" hubeba maana ya daraja la ubora, kama tusemapo bidhaa za kiwango cha juu. Msomaji akiambiwa aongeze kiwango hudhani anaongeza ubora. Kumbe anachoongeza ni idadi ya picha zinazopigwa kila sekunde, na huenda kila picha ikapungua ubora kwa sababu hiyo.

Tuchukue mfano. Kamera imewekewa mtiririko wa biti milioni 2 kwa sekunde, ambao kwa siku nzima hujaza gigabaiti 21.6. Ikipiga picha 25 kwa sekunde, kila picha hupata biti 80,000. Ikipiga 10, kila moja hupata 200,000. Hesabu hii ni ya wastani, kwa kuwa video hubanwa kwa kuhifadhi zaidi yale yaliyobadilika baina ya picha na picha; lakini mwelekeo wake ndio huo. Usiku huzuka shida ya pili. Kwa picha 25, kamera haiwezi kukusanya mwanga wa picha moja kwa zaidi ya 1/25 ya sekunde. Kwa picha 10 yaweza kufika 1/10, lakini mtu atembeaye mita 1.5 kwa sekunde atakuwa amekwenda sentimita 15, na sura yake itavurugika. Mshika mawili, moja humponyoka.

Anayepata hasara ni mwenye nyumba. Aliyeibiwa hupeleka polisi video inayotiririka vizuri, na ndani yake mna mtu ambaye hata jirani yake hamjui. Hapa pia lugha ina deni. Kiwango cha kimataifa IEC 62676-4 kilichotolewa mwaka 2014 kilitenganisha kugundua kuwa pana mtu, kwa pikseli 25 kwa mita, na kubainisha mtu huyo ni nani, kwa pikseli 250 kwa mita. Neno "kutambua" peke yake haliwezi kubeba yote mawili.

Kwa hiyo tunapendekeza "wingi wa pikseli" mahali pa "azimio". "Idadi ya picha kwa sekunde" mahali pa "kiwango cha fremu". Na "kugundua" na "kubainisha" yatumike kila moja kwa maana yake. "Ubora wa picha" libakie kuwa jina la matokeo, lisipewe kitufe chochote kimoja.

Huenda ikasemwa kuwa istilahi hizi ni ndefu. Ni kweli, na katika menyu ya simu nafasi ni finyu. Hata hivyo, kila moja inamwambia fundi anachohesabu, jambo ambalo "azimio" haliwezi kulifanya hata kwa ufupi wake. Wafasiri wa maelekezo na walimu wa ufundi wazijaribu kazini, na palipo na neno bora zaidi walilete lijadiliwe.