La Vie est belle ndani ya simu: gitaa imeenda wapi?

Kopi ya La Vie est belle yenye inatembea kwa simu kati ya Kasongo na Kabambare si ile filamu ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy. Hadithi iko: Kourou, yaani Papa Wemba, anatoka kijijini kwenda Kinshasa kutafuta kuimba na vyombo vya umeme, anampenda Kabibi, na tajiri Nvouandou naye anamtaka huyo huyo. Sura zinatambulika. Chenye kilikufa ni muziki. Sasa filamu ya 1987 juu ya mwanamuziki, bila muziki, inabakia na nini? Mtu anaimba kama vile kichwa kiko ndani ya ndoo.

Wale waliogeuza filamu kuwa 3GP zamani, sina ugomvi nao. Simu za vitufe hazikufungua AVI, kadi zilikuwa ndogo, na bila wao wengi wetu hatungemuona Wemba akiigiza. Picha ya VCD ilikuwa 352 kwa 288. Ya 3GP mara nyingi ni 176 kwa 144, robo yake. Jicho linasamehe. Sikio hapana! Sauti ya AMR yenye walichagua (ao programu iliwachagulia) ilitengenezwa kwa kupiga simu. Inabeba maneno vizuri, lakini chochote kinachopita mitetemo 4000 kwa sekunde kinatupwa: visahani vya ngoma, mng'ao wa gitaa, ule wembamba wa sauti ya Wemba mwenyewe. Njo maana mwanafunzi mmoja aliniambia bila haya kwamba Wemba, mwana wa Lubefu, jirani yetu wa Sankuru, aliyeanguka jukwaani Abidjan 2016 na kufa, hakuwa na sauti. Alimsikia ndani ya kopi hii tu.

Kibaya zaidi ni cha leo. Simu zetu zinafungua MP4 bila shida, lakini kwenye maduka ya kuchaji wanachukua ileile 3GP, wanaigeuza MP4 kubwa, eti kopi safi. Kilichotupwa hakirudi. Sisi wa agronomia tunajua: punje za mahindi ya hibridi ukizipanda tena, hupati shamba la mwaka jana.

Mwenye bado ako na VCD ao AVI, aanzie pale. Apunguze picha kama kadi ni ndogo, lakini sauti aiweke AAC, kilobiti 128. Na kama ni MKV yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC, hakuna haja ya kugeuza: ffmpeg inahamisha vyote kwa MP4 bila kuvigusa. Ni kazi ya dakika chache, na petroli ya grupu inabakia. Faili ya kwanza usiifute. Kadi ikijaa, toa kitu kingine.