Mstari Usio na Mwenyewe: Mistari ya Lei katika Fantasia ya Michezo ya Uhusika na Njia za Kigoma

Mwandiga ni njia panda. Barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika hapo, tawi moja likielekea Manyovu na mpaka wa Burundi, jingine likielekea Kasulu. Mbunifu wa michezo ya uhusika akioneshwa ramani hiyo angejua mara moja la kufanya: angezigeuza barabara kuwa mistari ya nguvu za kichawi, na makutano yake kuwa mahali ambapo mchawi hupata uwezo maradufu. Michezo hiyo, ambayo historia yake huhesabiwa tangu Dungeons & Dragons ilipochapishwa mwaka 1974, huchezwa mezani kwa maneno. Kila mchezaji hushika mhusika mmoja, msimulizi huwatandazia ulimwengu, na dadu huamua penye shaka. Ni utanzu wa masimulizi, na unastahili kuhakikiwa kwa vigezo vya masimulizi. Makala haya yanadai kwamba mstari wa lei, kama unavyotumika katika utanzu huo, huondoa katika ardhi kitu ambacho masimulizi ya Kiswahili ya safari za bara hayakukiondoa kamwe: mwenye njia.

Dhana yenyewe ina umri mdogo kuliko inavyojidai. Alfred Watkins, mfanyabiashara na mpigapicha wa Herefordshire, Uingereza, aliipata mwaka 1921 na kuieleza kwa kirefu katika The Old Straight Track (1925). Kwake, mawe ya kale, vilima na makanisa yaliyojipanga katika mstari mmoja yalikuwa alama za njia za wasafiri na wachuuzi wa kale. Hakuzungumzia nguvu zozote zinazotiririka ardhini. Uchawi uliingia baadaye, hasa kwa John Michell na kitabu chake The View over Atlantis (1969). Tom Williamson na Liz Bellamy walikwisha kuonesha mwaka 1983 kwamba penye alama nyingi za kale, mistari ya namna hiyo hupatikana kwa bahati tu. Hoja yao haiidhuru fantasia, kwa kuwa fantasia haidaiwi ushahidi. Jambo lenye uzito ni uteuzi uliofanywa: kati ya Watkins wa nyayo na Michell wa nishati, michezo ilimfuata Michell.

Mfano ulio wazi ni Rifts ya Kevin Siembieda (Palladium Books, 1990). Humo dunia imepasuka kwa wingi wa nguvu zilizomo katika mistari ya lei. Penye makutano hufunguka milango ya malimwengu mengine, na ipo aina nzima ya mhusika, mtembea mistari, ambaye huchota nguvu hizo apitapo. Nguvu huhesabiwa kwa alama. Zikipungua, mhusika huusogelea mstari akajaza. Sitiari inayotawala hapa ni ya gridi ya umeme. Mtu hajiulizi laini ni ya nani, anajiunga. (Msomaji wa Kigoma, mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli nje ya gridi ya Taifa, anaweza kutabasamu hapo.) Ubunifu huu una sifa yake: unaipa ramani kazi katika kisa, na wachezaji hulazimika kufikiri watapigania wapi. Lakini ardhi imekuwa bohari. Katika kitabu cha mfululizo huo kinachohusu Afrika (1993), tukio kuu ni ujio wa wapanda farasi wanne wa Ufunuo wa Yohana. Bara limekuwa uwanja wa kisa kilichotoka kwingine, na si ajabu, kwa sababu mistari isiyo na wenyewe haina kisa cha kwake.

Kiswahili chenyewe kinaukataa mchanganyo huu. Mstari hupigwa kwa rula juu ya karatasi na mtu mmoja aliyeketi. Njia hutokana na wengi waliopita, na kwa sababu hiyo neno limezaa maana ya namna ya kutenda: kwa njia ya mazungumzo, kwa njia ya posta. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora haikunyooka. Ilipinda kufuata maji, chakula, vita na hongo.

Hongo ndiyo kiini cha hoja. Katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na katika simulizi zilizokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901), safari haiendi kwa kuhesabu siku tu. Huenda kwa kukutana na wakuu wa nchi, kila mmoja na madai yake, kila mmoja na tabia yake. Buha ilikuwa na sifa ya pekee katika jambo hili. Mwaka 1871 Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa humo vitambaa kwa wingi, mwishowe akaamua kulikwepa sehemu lililobaki kwa kutembea usiku pamoja na kiongozi wa njia. Yeye alilisimulia tukio hilo kama dhuluma. Msomaji anayesoma kutoka upande wa Waha ataona jambo jingine: mgeni mwenye bunduki anakiri, kwa kulipa na hata kwa kunyata, kwamba nchi ina mwenyewe.

Kigezo hiki kinagusa pia nguvu zisizoonekana. Katika Buha ya kale walikuwapo wateko, walinzi wa ardhi waliopatanisha watu na pepo wa mahali, na mamlaka yao hayakuwa sawa na ya mwami. Ziwani, wapiga makasia waliokaribia Kabogo walitupa majini shanga au kitambaa kabla ya kupita. Na njia panda, kokote wanakoishi Waswahili, inajulikana kuwa mahali pa kuweka kafara: mtu huacha kitu pale, hachoti. Mwelekeo wa tendo umegeuka kabisa. Mtembea mistari wa Rifts hufika makutanoni mtupu akaondoka amejaa. Msafiri wa Tanganyika hufika na mzigo akaondoka umepungua, na upungufu huo ndio uliomfungulia njia.

Fantasia ya Kiswahili haikuhitaji rula. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni nchi ya angani ambayo mipaka yake ni pepo. Wajumbe sita hutumwa pande sita, wakirudi na elimu huadhibiwa. Jiografia hiyo ni ya kiajabu kuliko gridi yoyote, ilhali kila upande una gharama anayoilipa mtu mwenye jina. Kezilahabi naye aliipa riwaya yake ya 1991 jina la Mzingile, neno ambalo peke yake linatosha kuukana mstari ulionyooka.

Huenda ikasemwa kwamba mchezo unahitaji kanuni na hesabu, na kwamba uhusiano na wenye nchi hauhesabiki. Hongo ilihesabika. Ilikuwa na doti, aina za shanga, rangi zilizopendwa mahali fulani na kukataliwa kwingine, na siku zilizopotea katika mabishano huku chakula cha msafara kikiisha. Ni utaratibu wenye taharuki kuliko kujaza alama, maana mpinzani ana akili na kumbukumbu. Ugumu mkubwa zaidi ni wa lugha. Leo hongo ni rushwa, na mchezaji kijana atakayesoma kanuni hiyo atasikia askari wa barabarani, si mwami. Neno limeporomoka pamoja na mamlaka yaliyolipokea, na mwandishi wa mchezo atalazimika ama kulisimulia upya ndani ya kisa, ama kutumia ada na kupoteza historia yote.

Hata hivyo, hongo haitoshi. Ujiji ina safu ya miembe mikongwe iliyofuata njia ya misafara, na masimulizi ya wenyeji yanasema ilichipua kutokana na kokwa zilizotupwa na watumwa waliopita. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa UNESCO, kwa jina la njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu. Mtunzi anayeipaka njia hii rangi ya nguvu ya kichawi anapaswa kueleza nguvu hiyo ilikuwa ya nani, na hapo mjadala kati ya mwenye msafara na mwenye nchi, pamoja na uhai wake wote, unamwacha nje aliyefungwa mnyororo. Yeye hakujadiliana, alikuwa sehemu ya mzigo uliojadiliwa. Rifts ina makumi ya aina za wahusika, lakini hakuna aliyeundwa kwa kazi ya kupanda mwembe bila kukusudia, kisha mti ukawa alama pekee ya kwamba alipita.