Kukiri, Kuungama, Kujieleza: Tamko la Niru katika Riwaya ya Uzodinma Iweala

Uzodinma Iweala alijulikana kwa riwaya yake ya kwanza, Beasts of No Nation (2005), inayosimulia maisha ya mtoto askari. Katika Speak No Evil, iliyotolewa mwaka 2018, mhusika mkuu ni kijana mwingine aliyezingirwa: Niru, mwana wa Wanaijeria wanaoishi Washington, Marekani. Yumo katika mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari, ni mkimbiaji hodari, na Chuo Kikuu cha Harvard kimekwisha kumkubali. Jambo moja halijasemwa: moyo wake huvutwa na wavulana.

Dhamira ya riwaya hii si mapenzi yenyewe, bali ni tamko. Nani atasema neno hilo, kwa nani, na kwa kauli ipi? Kiswahili hulidhihirisha swali hili vizuri, kwa kuwa hakina kitenzi kimoja kilichozoeleka kwa tendo hilo. Mfasiri hana budi kuchagua, na kila chaguo ni hukumu. Anayekiri ana kosa. Anayeungama ana dhambi, naye angoja kusamehewa. Anayefichuliwa hakusema lolote. Amesemewa na wengine. Ni anayejieleza tu aliye mwenye neno lake.

Niru anamwambia kwanza Meredith, rafiki yake Mzungu, lakini kwa kubanwa: msichana ametaka penzi, naye hana tena pa kujificha. Hapo anakiri. Kisha baba yake anaona ujumbe katika simu, na kijana anafichuliwa kabla hajajiandaa. Anapigwa, halafu anapelekwa Naijeria ili atakaswe. Sasa anatakiwa kuungama. La kuhuzunisha ni kwamba hapingi kwa moyo wote: amelelewa kanisani, anamheshimu baba yake, na lugha aliyo nayo ya kujisemea ni ile ya dhambi. Mgogoro wake wa ndani ndio huo: kila ajitazamapo, hutumia macho ya wanaomhukumu. Fani inaafiki maudhui. Iweala hatumii alama za kunukuu, hivyo maneno ya wakubwa na mawazo ya kijana yanachanganyika katika mkondo mmoja.

Sehemu ya mwisho inasimuliwa na Meredith. Niru ameuawa kwa risasi za polisi, na kisa chake kimebaki kinywani mwa mwingine. Msomaji ana haki ya kulalamika: kijana mweusi ananyang'anywa sauti ili majuto ya msichana mzungu yapate nafasi. Lawama hiyo ni ya kweli, lakini haimalizi jambo. Mabadiliko hayo ya msimulizi yanathibitisha kwamba Niru, aliyekiri, akafichuliwa na kudaiwa kuungama, hakuruhusiwa kujieleza hata mara moja. Nao ukimya wa Meredith baada ya kifo unaonyesha kwamba kunyamaza nako kwaweza kuwa uovu, kinyume cha jina la kitabu.

Kwa hiyo, atakayeifasiri riwaya hii kwa Kiswahili asitumie kitenzi kimoja kotekote. Mbele ya mchungaji, kuungama kunafaa, kwa kuwa ndiko kunakodaiwa. Mahali pengine, kumwandikia Niru kwamba "amekiri" ni kujiunga na waamuzi wake, wakati kijana mwenyewe alitaka kusema tu.