Kifuko Kilichojulikana Kabla ya Kuonekana

Mchoro wa seli katika vitabu vya shule unadanganya kidogo. Kiini, mitokondria, ribosomu na laisosomu vimepangwa humo kila kimoja na jina na kazi yake, utadhani kuna mtu alichungulia kwenye hadubini akaona vyote na papo hapo akajua vinafanya nini. Hadubini huonesha umbo. Kazi za sehemu nyingi za seli zilijulikana kwa njia isiyopendeza machoni: kusaga maini ya panya, kuyazungusha kwa kasi, kisha kukaa chini na kupiga hesabu. Laisosomu, kifuko kinachomeng'enya uchafu na vipuri vilivyochakaa vya seli, ilipatikana ndani ya hesabu hizo kabla ya mtu yeyote kuitambua kwa macho.

Njia hiyo iliendelezwa hasa na Albert Claude, Mbelgiji aliyefanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Alianza kwa kutafuta chanzo cha uvimbe wa saratani kwa kuku, akitumia sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi. Akagundua kwamba hata seli zisizo na ugonjwa hutoa chembechembe zinazotuama. Basi akaigeuza mashine kuwa chombo cha kuichambua seli yenyewe.

Ini husagwa taratibu katika maji baridi yenye sukari. Sukari hiyo ina sababu yake: katika maji matupu vifuko vya seli hunyonya maji, huvimba na kupasuka. Rojo inayopatikana huzungushwa kwa hatua. Ni kama maji ya mto yaliyotekwa kwenye ndoo: kokoto hutangulia chini, mchanga hufuata, tope jepesi huchelewa. Nguvu ya takriban mara 1,000 ya mvutano wa dunia hushusha viini. Mara 10,000 hushusha mitokondria. Mara 100,000, kwa muda wa saa nzima, hushusha vipande vidogo kabisa vya tando pamoja na ribosomu. Kinachobaki juu ni majimaji ya seli. Kila fungu hupimwa vimeng'enya vyake, na jumla ya mafungu yote lazima ilingane na kilichokuwamo kwenye rojo nzima. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, nalo ndilo wenye haraka hulisahau.

Christian de Duve, wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, hakulisahau. Mwaka 1949 shida yake ilikuwa insulini, na kimeng'enya alichokifuatilia kilihusu sukari ya ini. Kimeng'enya kingine, fosfatasi ya asidi, alikipima kwa kulinganishia tu. Lakini namba zake zilikataa kukaa sawa: ini lililosagwa kwa upole lilionesha takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu ya fosfatasi iliyopatikana ini liliposagwa kwa blenda. Sampuli zikawekwa kwenye friji. Siku tano baadaye zikapimwa tena, na nguvu yote iliyokosekana ikawa imerudi.

Maabara nyingi zingesema kipimo cha kwanza kilikosewa. Kikundi cha de Duve kilisoma jambo lingine: kimeng'enya kilikuwamo tangu mwanzo, ila kilifungiwa ndani ya utando, kisiweze kukutana na kemikali ya kupimia. Kukaa kwenye friji kulidhoofisha utando ukavuja. Blenda iliupasua mara moja. Kugandisha na kuyeyusha, sabuni, au maji matupu vilileta jibu lilelile.

Ilibaki kujua ni kifuko cha nani. Fosfatasi ilikuwa ikishuka katika fungu lililoitwa la mitokondria, na rahisi ilikuwa kuamini jina la fungu. Watafiti hao wakaligawa fungu hilo mara mbili, zito na jepesi, wakaona fosfatasi inaelemea upande mwepesi huku vimeng'enya vya mitokondria vikielemea ule mzito. Kufikia 1955 walikuwa na vimeng'enya vitano vyenye tabia moja: vyote hufichwa na utando, vyote hufanya kazi vizuri kwenye asidi, lakini kila kimoja huvunja kitu tofauti, vikiwemo kinachovunja protini na vinavyovunja asidi za viini. Mkusanyiko kama huo mahali pamoja hauna maana nyingine isipokuwa mmeng'enyo. Wakakipa kifuko jina, laisosomu. Mwaka huohuo Alex Novikoff kutoka Marekani alifika Louvain, na picha za hadubini ya elektroni zikaonesha vijifuko vyeusi katika fungu hilo.

Kimeng'enya kimoja, kinachovunja asidi ya uriki, kilishuka karibu na laisosomu bila kuwa na tabia zake. Nacho hakikutupwa. Kuking'ang'ania kulizaa sehemu nyingine ya seli, peroksisomu. Claude na de Duve, pamoja na mtafiti mwenzao wa seli George Palade, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974.

Faida ya hesabu hizo ilifika wodini mapema zaidi. Mwaka 1963 Henri-Géry Hers, pia wa Louvain, alionesha kwamba watoto wenye ugonjwa wa Pompe, ambao misuli na moyo wao hujaa glaikojeni (akiba ya sukari ya mwili), hukosa kimeng'enya kimoja tu cha laisosomu. Glaikojeni huingia kifukoni na haina wa kuivunja. Tangu 2006 kuna dawa: kimeng'enya hicho hudungwa kwenye mshipa, seli hukimeza, na kinaishia kwenye laisosomu.