Tazama Mapezi, Usitazame Mitungi

Siku hizi mpiga mbizi akivaa mitungi miwili mgongoni, akaongeza mmoja ubavuni, akarekodiwa akishuka kando ya ukuta wa Misali kule Pemba, hupongezwa kwamba yuko tayari kwa mafunzo ya kiufundi. Wanaompongeza wametazama mitungi. Video yenyewe imekatwa magotini, na penye kazi ya mikono inaruka: vali inaanza kufungwa nyuma ya kichwa, mara bwana yule yuko mita kadhaa mbele, vali imeshafunguliwa, vidole vimefanya duara la kusema mambo sawa. Kilichopita katikati ndicho pekee kilichostahili kutazamwa, nacho kimefichwa. Watetezi wake husema ana idadi ya mbizi inayotakiwa, na hilo ni kweli. Kozi ya Tec 40 ya shirika la mafunzo la PADI humtaka mwanafunzi awe na mbizi 30 zilizoandikwa daftarini. Lakini daftari huhesabu mara alizoingia majini, wala halisemi alifanya nini humo. Mtu anaweza kufuata mwongozaji juu ya matumbawe mara 300, mkondo ukimbeba, na bado asijue kurudi nyuma hatua moja bila kugeuka.

Anayejua kazi hii hutazama mapezi, na huyatazama hasa mikono inapokuwa na shughuli. Mwambie mtu atoe boya mfukoni, alifunge kwenye kibiringo cha kamba, alijaze hewa na kuliachia, naye abaki kwenye mita 6. Kisha boya usilijali. Asiyeiva ana teke dogo lisilokoma, ambalo mgeni hudhani ni kuogelea tu. Mwili wake umelala mshazari, kichwa juu na miguu chini, kwa hiyo kila teke linamsukuma mbele na papo hapo linamnyanyua. Ili asipande, amepunguza hewa kwenye bawa, ule mfuko wa hewa wa mgongoni, kupita kiasi, au amejitwika risasi za ziada, yaani vipande vya uzito. Makosa hayo mawili yanafutana, na maadamu anasonga anaonekana ametulia, kama baiskeli isiyoanguka kwa kuwa tu ina mwendo. Akilazimika kusimama ili afunge vali au amsaidie mwenzake, lile teke linakatika naye anazama. Akiligundua hilo hupiga teke kali zaidi, huhema, kabonidayoksaidi hupanda mwilini, na ulevi wa naitrojeni, kama yuko kina kirefu, hukaza. Aliyeiva mapezi yake yako kimya. Magoti yamekunjwa, nyayo ziko juu ya mwili, na kinachoonekana ni kifua kinachopanda na kushuka kwa pumzi ndefu. Nusu mita juu, nusu mita chini, basi. Anayehitaji nafasi zaidi ya hiyo aendelee kutazama samaki, nao ni wazuri.

Hapo ndipo udanganyifu wa risasi unapoingia. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 hubeba hewa ya karibu kilo 3, na hewa hiyo ikivutwa, mpiga mbizi anakuwa mwepesi kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo risasi hupimwa mitungi ikikaribia kwisha, na huwekwa zile zinazotosha kumshikilia kwenye kituo cha mwisho, pasipo nyongeza. Wapo wakufunzi wanaowatwika wanafunzi kilo tatu nne za bure ili wapige magoti vizuri kwenye mchanga na kuvua miwani mbele ya kamera. Zoezi linafaulu, cheti kinatoka. Zile kilo lakini zinadai hewa zaidi ndani ya bawa, na hewa hiyo hutanuka vibaya pale panapohitaji utulivu zaidi: kutoka mita 40 hadi 30 ujazo wake huongezeka kwa robo, kutoka mita 10 hadi juu huongezeka maradufu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa magoti hubebeshwa tatizo lake na mkufunzi aliyemlipa.

Kuna wanaosema huu ni urembo wa watu wa mapango ya Florida, na bahari wazi haina dari wala tope la kutibuliwa. Pingamizi hili lina uzito nusu. Ni kweli adabu hii ilizaliwa huko, kwenye chemchemi ambazo milangoni mwake kuna mabango yenye picha ya kifo, yakionya kwamba hata wakufunzi wamefia ndani. Sheck Exley, mpiga mbizi wa mapango, katika mwongozo wake wa 1979, alichambua ajali moja baada ya nyingine hadi akapata kanuni chache: kamba isiyokatika mpaka nje, theluthi mbili za gesi zibaki kwa ajili ya kurudi, kina kisichozidi uwezo. Lakini mwenye deni la dekompresheni, yaani anayelazimika kusimama vituoni kabla ya kutoka majini, ana dari popote alipo. Haionekani, ndiyo tofauti yake. Akivuta oksijeni tupu kwenye mita 6 yuko kwenye shinikizo la oksijeni la bar 1.6, ambako wengi huweka mpaka. Akizama hadi mita 9 huku akihangaika na boya, yuko kwenye 1.9, na degedege la oksijeni halimwiti mtu mara mbili. Pembeni ya ukuta maji meupe hayana cha kulinganishia macho. Mita hizo 3 hupotea bila kuhisiwa. Wengine huuliza: Exley mwenyewe hakufia Zacatón, Mexico, mwaka 1994? Alifia huko, kwenye kina kinachozidi mita 250. Kifo chake kinaonyesha jinsi kina hicho kilivyo, wala hakimsaidii anayeshindwa kukaa kwenye mita 6.

Mengine nayataja tu. Bomba refu la regulata, la mita 2.1, lililozungushwa shingoni kama walivyozoea wafuasi wa mpiga mbizi wa mapango Hogarth Main. Hakuna kinachoning'inia. Mapezi yawe ya mpira, mazito, meusi. Anayebeba kamera kabla ya kumudu teke la kurudi nyuma hajawa tayari, sitoi sababu.

Kipimo cha pili kiko nchi kavu, mtu anapokosolewa, na wengi hawajui kwamba ni kipimo kilekile. Mwambie miguu yake haikutulia. Mmoja atasema mkondo ulikuwa mkali, mwingine atasema mbona fulani alinisifu, mwingine atataja idadi ya mbizi zake. Aliyeiva huuliza: ilianza lini, kabla ya kushika kibiringo au baada? Swali hilo linamaanisha kwamba hata akikosolewa bado anachunguza, kama atakavyotakiwa kuchunguza regulata inapomwaga gesi gizani. Anayeshindwa kutenganisha kosa na heshima yake akiwa amekaa kwenye kiti hatapata utengano huo akiwa mita 50. Watasema wakosoaji wengi ni watu wa matusi, na kweli wapo. George Irvine, aliyeongoza mradi wa mapango ya Woodville kule Florida miaka ya 1990, alijulikana kwa ulimi mkali, na hakuna anayelazimika kuupenda. Ila mpangilio wa vifaa aliousimamia sasa unavaliwa na watu wasiojua hata jina lake. Ukali wake haukuuthibitisha mpangilio huo, wala haukuubatilisha. Mkosoaji umpime kwa jambo moja: je, anataja alichokiona na madhara yake? "Hujaiva" bila maelezo ni kelele, na "safi sana, endelea" bila maelezo ni kelele tamu zaidi.

Zamani, au ndivyo tunavyopenda kukumbuka, mkufunzi alikurudisha nyumbani na hakuna aliyeona ni habari. Shirika la mafunzo la GUE, lililoanzishwa 1998, bado lina kozi ya msingi ambayo mtu huweza kumaliza na akaambiwa hajafaulu, au amefaulu kwa masharti na arudi baadaye. Kwingine karibu kila aliyelipa hupita. Anayetaka kujua alipo hahitaji kozi yoyote: apunguze risasi kilo moja moja, akae mita 6 dakika 20 bila kushika kamba, mwenzake ayarekodi mapezi tu tangu mwanzo mpaka mwisho, na video isikatwe.