Ahadi Hutunzwa au Hulipwa?

Neno la Kiingereza keep ni fupi, lakini limebeba mizigo mingi. Mwingereza hulitumia kwa kuku, kwa siri, kwa fedha, kwa shajara na kwa ahadi. Kwetu kuku hufugwa, siri husitiriwa, fedha huwekwa, shajara huandikwa. Ama ahadi, hapo ndipo wafasiri wa mashairi wanapoteleza, na hapo ndipo yafaa tutue kidogo.

Mwaka 1923 Robert Frost, mshairi wa Marekani, alichapisha "Stopping by Woods on a Snowy Evening". Msafiri anasimamisha farasi wake kando ya msitu, jioni ya theluji. Msitu unamvuta abaki; lakini anakumbuka kwamba ana ahadi, na safari ingali ndefu. Neno analolitumia kwa ahadi hizo ni keep. Mfasiri wa Kiswahili ni mwepesi wa kukimbilia kutimiza. Maana imefika, lakini uzito umepungua. Kutimiza ni kukifikisha kitu ukomoni. Jambo likishatimia, mtu ametua mzigo. Keep, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kushika na ya kuzingatia, halidai ukomo huo. Ahadi za msafiri yule zimo mikononi mwake wakati uleule aliposimama gizani. Anazilinda zisimponyoke, na msitu ndio unaomshawishi aziachie. Ukiandika kutimiza, umeupeleka mvutano wote mwisho wa safari, ilhali shairi linautaka palepale penye theluji.

Methali yetu husema ahadi ni deni. Deni hulipwa, nalo likishalipwa limekwisha. Hiyo ni hekima, lakini si hekima ya shairi lile. Lililo karibu zaidi ni neno amana: mtu huitunza leo kwa kuwa si yake, na kesho huirudisha kwa mwenyewe. Neno hilo lingekusanya kulinda na kulipa kwa pamoja. Hata hivyo, amana huja na kivuli cha khiana na hesabu ya Akhera, na Frost hakumhukumu msafiri wake. Kwa hiyo naona kutunza ndiko kunakofaa, kwani ni kitenzi tukitumiacho kwa mgonjwa na kwa mche: kazi ya kila siku, isiyo na stakabadhi.

Mark Strand, katika "Keeping Things Whole" la mwaka 1964, amelielekeza neno hilohilo upande wa pili. Msemaji wake huona kwamba popote asimamapo amepunguza kipande cha mahali hapo. Hivyo hutembea, ili hewa aliyoipasua irudi kuungana nyuma yake. Hapa kutunza hakutufai, maana hakuna anachokishika. Yeye huhifadhi kwa kuondoka. Mfasiri na aandike vitu vibaki vizima, ampunguze mtendaji, na atakuwa mwaminifu kuliko yule anayeng'ang'ania kitenzi kimoja kwa mashairi yote mawili.

Haya si mabishano ya kamusi. Kamusi itampa mfasiri kuweka, kuhifadhi, kutunza, kushika na kulinda, yote sahihi. Kiswahili chamlazimu aulize jambo ambalo Kiingereza kilimruhusu mshairi aliache wazi: mwenye kitu ni nani, na mkono uliokishika utakiachia lini? Asiyeuliza hivyo atavusha maneno, na shairi litabaki ng'ambo.